Mtoto wa miezi 14, homa 38.7 usiku huu: dawa kiasi gani, nimkande au la, na lini nisisubiri asubuhi?

MamaWawili_Mkuranga

Habari za usiku wanajukwaa. Mtoto ana miezi 14, kilo 9.8 kwa kadi ya kliniki ya mwezi huu. Homa imeanza mchana, sasa hivi kwapani inasoma 38.7. Ana mafua na kikohozi kidogo, hajatapika, haharishi, ananyonya ila uji kaukataa. Ndani nina parasetamoli ya maji na ibuprofeni ya maji.

Naomba kujua: nimpe kiasi gani na kila baada ya saa ngapi? Nichanganye hizo dawa mbili? Bibi yake anasema nimkande kwa maji ya baridi, jirani anasema spiriti ndiyo inashusha haraka. Na zahanati iko mbali, usiku huu ni bodaboda tu, kwa hiyo nataka dalili za kunitoa nyumbani usiku na zile zinazoweza kungoja kukuche.

DukaLaDawa_Moro

Dada, kwanza geuza chupa usome lebo. "Parasetamoli ya maji" si dawa ya nguvu moja. Iliyozoeleka madukani ina miligramu 120 au 125 katika kila ml 5. Ipo ya miligramu 250 katika ml 5, hiyo ni ya watoto wakubwa. Halafu kuna ya matone kwa wachanga, kichupa kidogo chenye kidondoshi, na hiyo mara nyingi ni miligramu 100 katika ml 1 tu. Ukichukua ile ya matone ukampa ml 5 ukidhani ni ya kawaida, umempa miligramu 500 kwa mkupuo, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu cha mtoto wa kilo zake.

Dozi inahesabiwa kwa kilo. Umri ulioandikwa kwenye boksi ni makadirio tu, na watoto wetu wa miezi 14 wapo wa kilo 7 na wapo wa kilo 12. Hesabu ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Kwa kilo 9.8 ni miligramu 98 hadi 147. Kwa chupa ya 120 katika ml 5, mpe ml 5, anapata miligramu 120, katikati kabisa. Kama ni ya 250 katika ml 5, mpe ml 2.5. Kama ni ya matone ya 100 kwa ml 1, mpe ml 1. Tafadhali rudi uandike lebo inasemaje.

Pima kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, la ml 5, au kikombe kidogo kilichokuja na chupa. Kijiko cha chai cha nyumbani hakina kipimo. Kuna vinavyobeba ml 3 na vinavyozidi 6. Tikisa chupa vizuri kabla, kwa sababu dawa nyingi za namna hii hutuama. Usipotikisa, mtoto anakunywa sharubati siku ya kwanza na dawa yote inamkuta siku ya mwisho. Mwekee bomba upande wa ndani wa shavu na usukume kidogo kidogo akiwa ameinuka, usimlaze chali na kumziba pua.

Nafasi kati ya dozi ni saa 4 hadi 6, na isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Mimi nashauri saa 6 maana ni rahisi kukumbuka: saa 4 usiku, saa 10 alfajiri, saa 4 asubuhi, saa 10 jioni. Andika kwenye karatasi ubandike ukutani. Nyumba yenye mama, bibi na dada wa kazi, dozi mbili za saa moja hutokea kirahisi kuliko mtu anavyodhani.

Akitapika ndani ya nusu saa na dawa inaonekana imetoka, rudia dozi nzima. Ikipita nusu saa, usirudie, subiri zamu inayofuata.

Kosa jingine ni dawa za mafua. Nyingi zina parasetamoli ndani, hata kama lebo imeandikwa "mafua na kikohozi" kwa herufi kubwa. Ukimpa na hii, umeongeza dozi juu ya dozi, na parasetamoli ikizidi inaumiza ini kimyakimya: siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima. Kwa umri wake dawa za mafua hazina kazi, ziache. Na kama kuna mtu kampachika parasetamoli ya njia ya haja kubwa, hiyo nayo ni dozi, ihesabu.

Ibuprofeni iache kabatini usiku huu. Si kwamba ni sumu, dozi yake ipo, miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, mara 3 kwa siku, kwa mtoto aliyefika miezi 3 na kilo 5. Lakini mtoto anayekataa kula na anayepungukiwa maji, dawa hiyo inabana figo. Tetekuwanga hairuhusu. Na dengue ikiwa mtaani, kama ilivyokuwa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zote huongeza hatari ya kutoka damu. Aspirini kwa mtoto wa chini ya miaka 16 usiguse hata siku moja. Na zipo dawa za maji zilizochanganywa parasetamoli na diklofenaki, zinauzwa kama "za homa kali". Zirudishe.

NesiWaWatoto

Maelezo ya dozi hapo juu yamenyooka, mimi nichukue suala la kumkanda.

Homa siyo joto la jua lililoingia mwilini ukalitoa kwa maji. Ubongo wenyewe umeamua kupandisha kiwango, tuseme kutoka 37 hadi 39. Ukimwagia mtoto maji ya baridi, ngozi inapoa, mishipa ya juu inasinyaa, joto linafungiwa ndani, halafu anatetemeka. Na kutetemeka ni misuli inayotengeneza joto jipya. Unapima kwa kiganja unakuta ngozi baridi unafurahi, kumbe ndani joto limepanda. Siku hizi hata maji ya vuguvugu hayapendekezwi kama tiba ya homa, kwa sababu faida yake ni ya dakika chache na mtoto analia muda wote. Bibi akisisitiza na hutaki ugomvi usiku huu, maji ya vuguvugu, kitambaa usoni na shingoni, baada ya dawa kukaa mwilini nusu saa. Akianza kutetemeka au kulia, acha.

Spiriti hapana. Ngozi ya mtoto inainyonya na mvuke wake anauvuta puani, na pombe inashusha sukari ya mtoto mdogo. Mtoto mwenye homa asiyekula, sukari yake inaweza kuwa tayari iko chini.

Mvue sweta na soksi. Fulana moja nyepesi ya pamba au kanga inatosha, dirisha wazi, chandarua kimeshushwa. Akianza kutetemeka kwa baridi mfunike shuka, likiisha funua. Blanketi la "atoe jasho homa itoke" linapandisha joto tu.

Kinachosaidia kuliko yote hayo ni kunywa. Mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida, hata dakika mbilimbili. Katikati mpe maji safi, uji mwepesi, maji ya madafu, kijiko kimoja kila baada ya dakika moja au mbili akigoma kikombe. Chumvichumvi ya paketi ni ya mtoto anayeharisha au kutapika: paketi moja kwenye lita moja kamili ya maji safi, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Watu hugawa paketi kwenye glasi kwa kukisia, chumvi inazidi, mtoto anazidi kukauka.

Kuhusu kipimajoto: kausha kwapa, ncha ikae katikati ya kwapa na si kuchungulia upande wa mgongo, bana mkono hadi kilie. Kama ameoga au alikuwa amefunikwa gubigubi, subiri nusu saa kwanza. Kwapani, 37.5 na kuendelea ndiyo tunaita homa. Vile vya kuelekeza kwenye paji la uso vinadanganyika na jua na jasho. Kiganja cha mama kinafaa kusema "hana homa", ila kikisema "anayo" hukosea mara nyingi.

MzeeWaMitaa

Miezi 14 hiyo ni meno tu jamani, mnamtisha mama wa watu. Homa na mafua, angalieni ufizi kwanza, yasije yakawa yale ya plastiki. Kuna wataalamu wanayatoa dakika tano mtoto anapona.

NesiWaWatoto

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapa sitanyamaza. Meno yanaweza kumfanya mtoto atoe udenda na asumbue, joto lipande kidogo. 38.7 si meno. Hiyo inatafutiwa sababu.

Na "meno ya plastiki" hayapo. Wanachokitoa ni vijino vichanga vilivyo bado ndani ya ufizi, laini na vyeupe kwa sababu havijakomaa. Vinachimbwa kwa spoku ya baiskeli, msumari au kisu kwa mtoto ambaye tayari ana homa au kuhara. Damu inamtoka, uchafu unaingia, na hatari ya pepopunda na VVU ipo. Anayepona amepona ugonjwa wake wa mwanzo ulioisha wenyewe. Kukata kimeo kwa sababu ya kikohozi ni habari hiyohiyo.

DaktariWaZamu

Nijibu swali la usiku au asubuhi.

Ondoka sasa hivi, bodaboda au vyovyote, ukiona mojawapo ya haya: hawezi kunyonya wala kunywa kabisa, anatapika kila kinachoingia, amepata degedege, au amelegea na kusinzia hata umwamshe hafungui macho vizuri. Haya manne ndiyo ya kwanza anayoyauliza mhudumu yeyote wa watoto na hayahitaji kipimajoto. Ongeza shingo kukakamaa au utosi kuvimba kama bado haujafunga, viganja kuwa vyeupe ukilinganisha na vyako, mkojo wa rangi ya Coca-Cola, macho ya manjano, vipele vyekundu au vya zambarau ambavyo ukivibonyeza kwa glasi havipotei, na kutokojoa kwa saa 8.

Halafu pumzi. Kwa mtoto mwenye kikohozi na homa hii ina maana kuliko namba ya kipimajoto. Mpandishe fulana akiwa ametulia au amelala, weka simu dakika moja kamili, hesabu kifua kupanda na kushuka kuwa moja. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, watoto hupumua kwa vipindi na utakosea. Miezi 12 hadi miaka 5, 40 na kuendelea ni pumzi za haraka. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Chini ya miezi 2, ni 60. Ikizidi wakati homa iko juu, hesabu tena saa moja baada ya dawa. Ikibaki hivyo, mpeleke mapema bila kungoja siku ipite. Lakini ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, au anakoroma na kuguna akiwa macho, usihesabu chochote, ondoka.

Mchanga wa chini ya miezi 3 mwenye 38 haangaliwi nyumbani hata awe anacheka. Vivyo hivyo mtoto mwenye selimundu, mwenye utapiamlo mkali au mwenye VVU: homa yake ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Ukiondoka usiku na anaweza kumeza, mnyonyeshe kwanza. Kama hanyonyi lakini anameza, yeyusha vijiko 4 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, kwenye glasi ya ml 200 ya maji safi, mpe ml 30 hadi 50, kwa ajili ya sukari yake njiani. Aliyelegea hawekewi kitu mdomoni.

Kama hana hata moja ya hayo, kesho asubuhi apimwe malaria, ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Mko Pwani, haiwezekani kukisia. Mafua hayaondoi malaria, na parasetamoli kushusha homa hakuondoi malaria pia. Inashusha homa ya chochote. Kwa upande wa pili usianze mseto, yaani dawa ya malaria, bila kipimo. Mwaka 2008 watoto 1005 wenye homa walichunguzwa Dar es Salaam na Ifakara, na malaria ilikuwa kwa takriban mmoja kati ya kumi. Wengi walikuwa na virusi, hasa vya njia ya hewa, ambavyo mseto na antibayotiki havivigusi. Kwa hiyo zile kapsuli za rangi mbili zilizobaki kwenye droo za kaka yake, ziache zilipo.

Jambo moja nimekuta halijaulizwa: chanjo. Homa ya pentavalenti, ile chanjo ya wachanga ya magonjwa matano kwa pamoja, huja ndani ya siku mbili. Ya surua-rubela, inayotolewa miezi 9 na 18, huja baada ya wiki moja hivi, siku ya 7 hadi ya 12, mama ameshasahau kwamba kulikuwa na sindano. Kwa miezi 14 haikuhusu, ila wengine wanaosoma wataihitaji.

MamaWawili_Mkuranga

Asanteni sana. Lebo ni miligramu 120 katika ml 5. Nimempa ml 5 kwa bomba saa 4 na robo. Saa 5 na robo imesoma 38.1. Pumzi 36 akiwa amelala, kifua hakibonyei. Kanyonya na kakojoa. Je, dawa imegoma? Mbona haijafika 37? Na nimwamshe kila baada ya saa 4 kumpa, ili asipate degedege?

DukaLaDawa_Moro

Haijagoma. Hushusha digrii moja hadi moja na nusu, na huchukua nusu saa hadi saa moja kuanza, wakati mwingine mbili kufika kilele chake. Kutoka 38.7 hadi 38.1 ndani ya saa moja ni mwendo mzuri. Usiongeze ml 2 "za kumalizia". Lengo siyo 37, lengo ni anyonye, alale, asiumwe na mwili. Mtoto mwenye 38.5 anayecheza na sufuria anaweza asihitaji dawa kabisa.

Wala usimwamshe. Akilala usingizi wa kawaida mwache, dozi ataipata akiamka, mradi saa 4 zimepita. Kumgusa na kumwangalia anavyopumua ndiyo kuwe kila baada ya saa chache, kwa taa, si kwa kukisia gizani.

NesiWaWatoto

Kuhusu degedege, parasetamoli haizuii. Hilo limepimwa mara nyingi, na ndiyo maana hakuna sababu ya kumpa dawa kwa ratiba kali kwa hofu hiyo. Watoto 2 hadi 5 kati ya 100 hupata degedege la homa kati ya miezi 6 na miaka 5, na mara nyingi linakuja homa inapopanda ghafla, kabla hata mama hajajua mtoto ana homa.

Likitokea: mlaze chini kwa ubavu, mbali na jiko na ncha za meza, legeza nguo shingoni, futa mate na matapishi ya nje tu. Tazama saa. Usimshike kumzuia, usimwekee kijiko wala kidole katikati ya meno, usimpe dawa wala maji, usimmwagie maji, usimfukizie kitu puani. Mavi ya tembo, kitunguu na mkojo vyote vinapoteza muda, na moshi unaongeza shida ya kupumua. Degedege la homa la kawaida mara nyingi huisha lenyewe chini ya dakika 5. Likifika dakika 5, mtu aanze kutafuta usafiri huku mwingine amekaa naye. Hata likiisha ndani ya dakika moja, mtoto anaenda kituoni usiku huohuo, kwa sababu sehemu zenye malaria, degedege ni malaria kali hadi kipimo kiseme vingine, na homa ya uti wa mgongo huja kwa sura hiyohiyo. Kule watapima na sukari.

BabaPacha

Niunganishe swali hapa. Mtoto wa kilo 11 alimaliza mseto siku 12 zilizopita, akapona. Jana homa imerudi, kipimo cha kutoboa kidole kimesoma malaria tena. Dawa imeshindwa?

DaktariWaZamu

Huenda haikushindwa. Kipimo hicho kinatafuta protini ya mdudu, siyo mdudu mwenyewe, na protini hubaki kwenye damu wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi, baada ya wadudu kufa. Ndani ya muda huo mstari wa pili, ule unaosema ana malaria, hauna maana kubwa. Omba damu iangaliwe kwa hadubini, ndiyo inayoonyesha kama kuna wadudu hai. Kama zahanati yenu haina, kituo cha afya kinayo mara nyingi. Na mtoto achunguzwe masikio, koo, kifua na mkojo, maana homa mpya ina sababu mpya mara nyingi kuliko sababu ya zamani.

Hakikisha pia dozi ya kwanza ilikwenda sawa. Kwa kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja cha 20/120 (artemetha miligramu 20, lumefantrini miligramu 120), mara 6: cha kwanza, cha pili baada ya saa 8 kamili, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Watu wengi hukosea kile cha saa 8, wanampa kesho yake asubuhi. Wengine hutoa na maji matupu. Mseto unahitaji mafuta ili uingie mwilini: maziwa ya mama, maziwa ya ng'ombe, au uji wenye karanga. Akitapika ndani ya nusu saa anarudia kidonge, na hicho cha ziada omba dukani au kituoni, usikitoe kwenye paketi ileile ukabaki na dozi pungufu.

BabaPacha

Cha pili alipewa asubuhi yake, kama saa 14 baadaye. Tena na maji. Naenda kuomba hadubini.

MamaWawili_Mkuranga

Saa 10 na nusu alfajiri: 38.4, kaamka mwenyewe, kanyonya, nimempa ml 5 ya pili na nimeandika ukutani. Pumzi 38. Zahanati inafungua saa 2, tutakuwa mlangoni.